Mashine ya kung'arisha mipira ya pool: Kazi ndogo inayookoa mtaji wa mwenye meza

Na Mwandishi Wetu

MEZA ya pool ni mali inayoonekana sasa karibu kila mahali, mijini na katika vituo vya biashara vijijini. Utaikuta kwenye baa, chini ya banda la makuti, pembeni ya duka la pembejeo na hata jirani na ghala la mazao, mahali ambapo wakulima wanasubiri zamu ya kupima kahawa, pamba au ufuta.

Kwa mwenye meza, kila gemu ni sarafu inayodondoka kwenye kisanduku. Msimu wa mavuno unapofika sarafu hizo huongezeka, na wakati wa masika mkononi hakuna fedha, hupungua. Ni biashara kama biashara nyingine, yenye msimu wake na gharama zake.

Hata hivyo, wengi wanaomiliki meza hizi huangalia mambo mawili tu. La kwanza ni kitambaa cha juu ya meza kama kimechanika, na la pili ni fimbo kama zina ncha. Mipira yenyewe huachwa ichezwe mwaka mzima bila kuoshwa, mpaka ile myeupe inageuka kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Uzembe huu una gharama. Mipira michafu hula kitambaa, huharibu mchezo na hufukuza wachezaji wazuri, ambao ndio wanaokaa muda mrefu na kununua vinywaji. Dawa yake ipo, nayo haihitaji mtaji mkubwa. Ni kuosha mipira mara kwa mara, na kwa mwenye meza nyingi, kutumia mashine ndogo ya kung'arishia.

Makala haya yanaeleza mashine hiyo inavyofanya kazi, jinsi ya kuitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana madukani, na lini inalipa au hailipi.

Uchafu unatoka wapi

Mpira wa pool hukusanya uchafu wa aina nne. Wa kwanza ni chaki inayopakwa kwenye ncha ya fimbo. Wa pili ni mafuta na jasho la mikono. Wa tatu ni vumbi la kitambaa chenyewe pamoja na vumbi la barabarani. Wa nne ni vitu vya baa, kama bia iliyomwagika, moshi wa jiko la mishkaki na mafuta ya chipsi.

Chaki ndiyo adui mkubwa. Ingawa tunaiita chaki, si ile inayotumiwa na mwalimu ubaoni. Chaki ya fimbo ya kisasa ilibuniwa mwaka 1897 mjini Chicago, Marekani, na William Spinks, mchezaji wa biliadi, akishirikiana na mkemia William Hoskins. Waliitengeneza kwa chembe za silika na korundamu ili fimbo ishike mpira bila kuteleza.

Korundamu ni madini magumu, na ndiyo hutumika pia kutengenezea msasa. Maana yake ni kwamba mpira uliojaa chaki unapobingirika juu ya meza, unafanya kazi ya msasa mwembamba. Unakwangua kitambaa, na mipira inapogongana inakwanguana yenyewe kwa yenyewe.

Chaki hiyo ikichanganyika na mafuta ya mikono hugeuka kuwa tabaka gumu ambalo kitambaa kikavu hakiwezi kulitoa. Hapo ndipo mpira unapoanza kupoteza mng'ao wake.

Kutoka pembe za ndovu hadi resini

Ili kujua namna ya kuutunza mpira, ni vizuri kujua umetengenezwa na nini. Na hapa historia inatugusa sisi wenyewe.

Katika karne ya 19, mipira bora ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Afrika Mashariki. Zilibebwa na wapagazi kutoka bara hadi pwani, zikapitia Bagamoyo na Unguja, kisha zikasafirishwa kwenda India, Ulaya na Marekani. Pembe za ukanda wetu zilipendwa kwa sababu ni laini na hazipasuki ovyo zinapochongwa.

Pembe moja ilitoa mipira michache tu, kwa hiyo bei ilipanda. Katika miaka ya 1860, kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza meza, Phelan na Collender, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, aliyekuwa fundi mchapaji, aliingia katika kazi hiyo na matokeo yake yalikuwa seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa duniani.

Seluloidi ilikuwa na kasoro, kwani hushika moto kwa urahisi. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alibuni plastiki ngumu iliyotokana na fenoli, ambayo iliitwa Bakelite. Mipira bora inayouzwa leo ni ya ukoo huo wa resini ya fenoli. Mtengenezaji anayejulikana zaidi ni kampuni ya Saluc ya Ubelgiji, yenye chapa ya Aramith.

Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkataba wa CITES mwaka 1989, na hakuna sababu yoyote ya mchezo huu kuzihitaji tena.

Sokoni utakutana na aina mbili za mipira. Ya kwanza ni ya resini ya fenoli, ambayo ni migumu, hudumu na ina bei kubwa. Ya pili ni ya poliesta, ambayo ni rahisi lakini huchubuka na kufifia mapema. Aina zote mbili zinaweza kung'arishwa kwa mashine, ila poliesta inahitaji mkono mwepesi na muda mfupi zaidi.

Hasara inayojificha

Mwenye meza anaweza kuuliza, mpira ukiwa mchafu mimi napoteza nini wakati sarafu inaingia vilevile?

Kwanza, kitambaa kinakwisha mapema. Kubadilisha kitambaa ni kazi ya fundi, na siku ya kubadilisha meza haifanyi kazi. Kitambaa ambacho kingedumu miezi mingi kinaweza kutoboka kabla ya wakati wake kwa sababu ya chaki iliyoganda kwenye mipira.

Pili, mchezo unaharibika. Mipira miwili safi inapogongana, huachana kwa njia ambayo mchezaji aliyezoea anaweza kuikisia. Lakini sehemu yenye chaki ikigusana na mpira mwingine, msuguano huongezeka ghafla na mpira hupotoka. Mchezaji hodari hulitambua hilo haraka. Akikosa mpira wa wazi mara mbili au tatu, anaanza kulaumu meza, na kesho anavuka barabara kwenda kwa jirani yako.

Tatu, ni ugomvi. Pale ambapo watu wameweka heshima yao mezani, mpira uliopotoka bila sababu ya kueleweka huleta maneno. Mchezo wenyewe umepanda hadhi nchini, na mashindano ya taifa yaliyokuwa yakidhaminiwa na bia ya Safari Lager yaliwahi kukutanisha klabu za mikoa mbalimbali. Wachezaji wanajua tofauti ya meza nzuri na mbovu.

Nne, mipira yenyewe inachakaa. Mpira mweupe ndio unaoumia zaidi kwa kuwa unagongwa kila zamu. Ukichakaa hadi kupungua uzito, mchezo mzima unabadilika.

Mashine inavyofanya kazi

Mkulima wa mpunga hatapata taabu kuielewa mashine hii. Katika mashine ya kukoboa na kung'arisha mchele, punje husuguliwa mpaka pumba inatoka na mchele unabaki mweupe. Kinachofanya kazi ni msuguano, na siri yote iko katika kujua usugue kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani.

Mashine ya mipira ya pool ina sehemu kuu tatu. Kuna chombo cha mviringo kinachoshika mipira. Ukuta wa ndani wa chombo hicho umefunikwa kwa zulia. Chini kuna sahani ya mviringo, nayo imefunikwa zulia au sponji, inayozungushwa na mota.

Sahani inapozunguka, mipira husukumwa pembeni na kuanza kukimbia kuuzunguka ukuta. Wakati inakimbia, kila mpira pia unajizungusha wenyewe kwa mwelekeo unaobadilikabadilika. Hivyo upande wote wa mpira unaguswa na zulia, bila mtu kuugeuza kwa mkono.

Dawa kidogo ya kusafishia iliyopakwa kwenye zulia hulainisha mafuta na chaki, na nyuzi za zulia huondoa uchafu huo. Baada ya dakika chache mpira unatoka ukiwa safi kuliko uliosuguliwa kwa kitambaa kwa nusu saa.

Kununua au kutengeneza

Mashine za kiwandani zipo na zinatengenezwa hasa Marekani na Ulaya kwa ajili ya kumbi kubwa. Anayetaka kuagiza lazima asome kibandiko cha umeme kabla ya kulipa. Mashine nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120 na mizunguko 60, wakati umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50.

Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Ukitumia transfoma ya kushusha volti, bado baadhi ya mota zitazunguka polepole na kupata joto kuliko kawaida kwa sababu ya tofauti ya mizunguko. Ni salama zaidi kuagiza iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240.

Kwa mfanyabiashara mdogo, njia rahisi ni kutengeneza ya ndoo. Mashine ya namna hii imetengenezwa na wenye meza wengi katika nchi mbalimbali na haina siri. Vifaa vyake ni hivi:

- Ndoo ngumu ya plastiki ya lita 20, yenye kitako chenye upana wa sentimita 25 hivi.
- Mashine ya mkono ya kupiga polishi magari, yenye sahani ya upana unaokaribia kitako cha ndoo.
- Kipande cha zulia lenye nyuzi fupi zilizosokotwa kwa kubana, lisilo na mpira mgumu unaochubuka.
- Gundi imara, mbao za kutengenezea kiti, skrubu na washa.
- Swichi yenye kifuniko kisichoingiza maji, na waya wenye plagi ya pini tatu.

Kazi huanza kwa kukata tundu katikati ya kitako cha ndoo. Mashine ya polishi hugeuzwa juu chini na kufungwa kwenye kiti cha mbao, kisha ndoo hukaa juu yake ili sahani izunguke ndani. Sahani hufunikwa zulia lililokatwa mviringo.

Ukuta wa ndoo nao huzungushiwa zulia, kuanzia chini hadi kimo cha mipira miwili. Maungio ya zulia yawe yamekutana vizuri, kwani ukiacha mdomo umesimama, mipira itaubandua siku ya kwanza.

Nafasi kati ya sahani na ukuta iwe ndogo sana. Ikiwa kubwa, mpira unaweza kukwama hapo na kuunguza mota, au kidole kikaingia. Mwisho, tengeneza mfuniko, maana mpira wa gramu 160 ukiruka nje unaweza kumvunja mtu jino.

Fundi seremala na fundi umeme wa mtaani wanaweza kuikamilisha kwa siku moja. Anayetaka kitu imara zaidi cha chuma anaweza kufika kwenye ofisi ya SIDO ya mkoa wake akaulizia karakana zinazochonga mashine ndogo.

Jambo la kukumbuka ni mwendo wa mota. Usijaribu kutumia grinda ya kukatia vyuma. Grinda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, mwendo ambao utauchemsha mpira na kuuachia alama za kuungua. Mashine ya polishi ya magari yenye mwendo mdogo ndiyo inayofaa.

Hatua za kuosha na kung'arisha

Hatua ya kwanza ni kukagua. Toa mipira yote 16 na uitazame kwenye mwanga. Mpira wenye ufa au uliomeguka usiingie kwenye mashine, kwa sababu makali yake yatachuna mingine.

Hatua ya pili ni kuosha kwa mkono. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi kidogo tu. Sugua kwa kitambaa laini, suuza kwa maji safi, kisha kausha kila mpira. Lengo ni kutoa chembe ngumu za chaki na mchanga, ili zisiingie kwenye zulia la mashine na kuwa msasa.

Hatua ya tatu ni kupaka dawa. Zipo dawa maalumu za mipira, na hata Aramith wanatengeneza ya kusafishia na nyingine ya kurudishia mng'ao kwa mipira iliyochoka sana. Weka matone machache kwenye zulia la sahani na la ukutani. Zulia liwe na unyevu tu, lisilowe.

Hatua ya nne ni kuwasha mashine. Kwa mashine ya ndoo, weka mipira minane kwa mara moja, funika, kisha washa kwa dakika tano. Ukisikia mlio wa kugonga badala ya mvumo wa kuzunguka, zima na utazame kama zulia limebanduka.

Hatua ya tano ni kufuta. Toa mipira, ifute kwa kitambaa safi cha pamba mpaka dawa yote iishe. Mpira uliobaki na dawa unateleza na unachafua kitambaa cha meza.

Hatua ya sita ni meza yenyewe. Piga brashi kitambaa na ufute mashimo na njia za kurudishia mipira. Kuweka mipira safi juu ya meza yenye vumbi la chaki ni sawa na kumwogesha mtoto na kumvalisha nguo ya jana.

Zulia la mashine nalo lifuliwe na kukaushwa likianza kuwa jeusi, na libadilishwe likichakaa.

Mambo ya kuepuka

Kuna mazoea ambayo yanaharibu mipira kuliko uchafu wenyewe. Usitumie jiki wala dawa nyingine ya kutoa madoa ya nguo. Usitumie petroli, tina ya rangi au asetoni, hasa kwa mipira ya poliesta. Usisugue kwa steliwaya, majivu, mchanga au unga wa kusugulia sufuria.

Usiichemshe mipira, na usiianike kwenye jua kali. Joto la ghafla linaweza kuleta nyufa ndogo ambazo hazionekani mpaka siku mpira unapogawanyika.

Nta ya magari pia iepukwe. Ni kweli inang'arisha, lakini huacha utando wa utelezi unaobadilisha namna mipira inavyogongana, na utando huo hunasa vumbi jipya haraka.

Vilevile, usizidishe. Kila unapong'arisha kwa dawa yenye chembe za kusugua, unaondoa kiasi kidogo cha mpira. Dawa ya kurudishia mng'ao itumike pale tu mpira umefifia kweli. Usafi wa kawaida hauhitaji dawa hiyo.

Pima kabla ya kununua

Mfanyabiashara mwenye mzani mdogo wa kidijitali anaweza kujua afya ya mipira yake. Mpira wa pool wa Kimarekani una kipenyo cha milimita 57.15, na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kanuni za kimataifa zinaruhusu tofauti ya kipenyo ya takriban milimita 0.13 tu. Mipira ya aina ya Kiingereza ni midogo zaidi, ina milimita 50.8.

Pima mpira mweupe ulinganishe na mingine. Ukikuta umepungua sana, ununue mpya badala ya kuendelea kuung'arisha.

Lakini hapa kuna mtego. Meza nyingi za sarafu hutenganisha mpira mweupe ili urudi kwa wachezaji hata baada ya kuingia shimoni. Baadhi hutumia tofauti ya ukubwa, nyingine hutumia sumaku. Ukinunua mpira mweupe usio wa aina ya meza yako, utafungiwa ndani pamoja na mingine na gemu itasimama. Nenda dukani na ule wa zamani mkononi.

Mchanganuo

Je, mashine inalipa? Jibu linategemea una meza ngapi.

Mwenye meza moja hana haja ya mashine. Ndoo ya maji, sabuni, vitambaa viwili na nusu saa kila wiki vinamtosha. Fedha ya mashine ni afadhali ainunulie kitambaa cha akiba au fimbo.

Mwenye meza tano au zaidi, au kijana anayetaka kuzunguka kuwahudumia wengine, hesabu yake ni tofauti. Tuchukulie mfano ufuatao, ambao msomaji ataubadilisha kwa bei za mahali alipo.

Tuseme mashine ya polishi imegharimu Sh150,000, ndoo na zulia Sh30,000, na mbao, swichi, waya pamoja na ufundi Sh70,000. Jumla ni Sh250,000.

Tuseme umepata meza 20 katika mji wako, kila moja unaihudumia mara mbili kwa mwezi kwa Sh3,000. Hizo ni huduma 40, sawa na Sh120,000 kwa mwezi.

Ukitoa Sh40,000 za nauli au mafuta ya pikipiki, na Sh15,000 za dawa, sabuni na vitambaa, unabakiwa na Sh65,000. Kwa hesabu hiyo mtaji wa mashine utarudi baada ya miezi minne hivi.

Umeme si tatizo. Mota ya wati 150 ikifanya kazi kwa dakika 10, yaani awamu mbili za mipira minane, inatumia sehemu ya 40 ya uniti moja. Uniti moja ya LUKU inatosha seti 40. Kwenye kijiji chenye umeme wa jua, inveta iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mota, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi inapoanza.

Tuseme ukweli, Sh65,000 kwa mwezi haitalisha familia. Kazi hii inafaa kama nyongeza, na inakuwa na maana zaidi ikiunganishwa na huduma nyingine ambazo mwenye meza anazihitaji siku hiyohiyo. Hizo ni kubadilisha ncha za fimbo, kusawazisha miguu ya meza kwa pima maji, kuuza chaki na kubadilisha kitambaa. Mwenye meza akishakuamini kwa mipira, hatatafuta fundi mwingine.

Jinsi ya kupata wateja

Njia bora ya kujitangaza ni kuonyesha. Mwombe mwenye baa mipira minane tu kati ya 16, uisafishe mbele yake, kisha uiweke mezani pamoja na ile minane michafu. Hahitaji maelezo zaidi.

Fahamu pia unayezungumza naye. Mara nyingi mwenye baa si mwenye meza. Meza huwekwa na mtu mwingine na mapato hugawanywa. Patana mapema nani analipa, la sivyo utafanya kazi na kuzungushwa kati ya watu wawili.

Panga kazi asubuhi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool saa za kazi, na tangu hapo wenye baa wengi wanajua kwamba jambo hili linaangaliwa. Saa ambazo meza haichezwi ndizo saa zako za kuingiza fedha. Ukimaliza kabla ya mchana, hujamzuia mtu kucheza na hujapoteza siku ya shamba.

Weka daftari. Andika tarehe, jina la baa, uzito wa mpira mweupe na hali ya kitambaa. Baada ya miezi michache utakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mwenye meza jinsi mali yake inavyokwenda. Kuhusu leseni, uliza ofisi ya biashara ya halmashauri yako kabla ya kuanza, kuliko kukutana na maofisa wake njiani.

Usalama kwanza

Maji na umeme havikai pamoja. Uoshaji wa mkono ufanyike mbali na mashine, na mikono ikaushwe kabla ya kugusa swichi. Mota ikae chini ya ndoo ikiwa imekingwa, ili dawa isidondokee ndani yake. Mwili wa chuma wa mashine uunganishwe na waya wa ethi, na tumia soketi yenye ethi inayofanya kazi.

Usitie mkono ndani sahani ikiwa inazunguka, hata kama inaonekana kwenda taratibu. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha zulia. Watoto wakae mbali, kwani mipira ya rangi inayozunguka huwavutia.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua mashine wiki hii. Aanze kwa ndoo ya maji na sabuni kwenye meza tatu za jirani, bure au kwa bei ndogo, aone kama wenye meza wanaona tofauti na kama wako tayari kulipia. Wakimwita tena wenyewe mara ya pili, hapo atakuwa na sababu ya kwenda kutafuta mota na zulia. Wasipomwita, atakuwa amepoteza sabuni tu.